Mwembe Ulioachwa na Maji

Bibi yangu ni Mmanyema wa Ujiji. Alipanda treni ya kuja Dar es Salaam akiwa msichana wa kuolewa, akashukia Kariakoo, na hajarudi tena. Mimi nimelelewa naye, katika nyumba isiyo mbali na Msikiti wa Manyema, na Ujiji niliyoijua tangu utotoni ilikuwa na vitu viwili tu: mwembe na ziwa. "Ukikaa chini ya mwembe," alikuwa akisema huku akichambua mchele, "maji yanakugusa vidole vya miguu." Yeye mwenyewe hakuyaona hayo. Aliyasikia kwa bibi yake, ambaye alivushwa ziwa kutoka ng'ambo akiwa mtoto, na pa kwanza kukanyaga nchi kavu palikuwa hapo, kwenye kivuli cha mwembe. Alivushwa na nani, na alitaka au hakutaka, bibi hasemi. Ukimuuliza, atakutuma dukani.

Nilipopata likizo Juni 2024, nikaamua kwenda kukaa chini ya mwembe huo. Wengine huenda Kigoma kwa ajili ya sokwe wa Gombe, kule Jane Goodall alikofikia mwaka 1960, na wengine kwa ajili ya wale wa milima ya Mahale. Mimi nilitaka kuvua viatu.

Treni ilitufikisha baada ya kulala njiani mara mbili. Sitaisimulia sana safari hiyo, maana kila aliyepita reli ya kati anajua vumbi la Dodoma, asali ya Tabora, na jinsi watu wanavyoamka wote kwa pamoja treni ikishaipita Uvinza na mabonde yakaanza kushuka. Kituo cha Kigoma ni cheupe, kina matao, kimebaki tangu enzi za Wajerumani waliofikisha reli hapa mwaka 1914. Nilisimama kwenye ngazi zake nikalitazama ziwa kwa mara ya kwanza. Nilijua namba zake kwa kichwa: urefu wa kilomita zaidi ya 670, kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Namba zote zilinitoka. Lilikuwa la buluu iliyoiva, limetulia, na ng'ambo milima ya Kongo ilionekana kama ukungu uliogoma kuondoka.

Kila aliyewahi kufika Kigoma alikuwa amenisimulia taa. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, zamani karabai na siku hizi taa za betri, na ziwa zima huwaka hadi upeo wa macho. Wanasema ukikaa mlimani utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Jioni ile nilihakikisha nimepata chumba chenye baraza linalotazama ziwa. Nikaoga, nikala, nikatoka kukaa. Saa mbili. Saa tatu. Mbele yangu giza tupu, wala kijitaa kimoja.

Nilimuuliza mama mwenye nyumba ya wageni kama labda wanachelewa kutoka.

"Ziwa limefungwa, dada," akaniambia. "Tangu Mei 15. Mpaka Agosti 15."

Sikuwa nimejua. Upande wetu wote wa ziwa ulikuwa umepigwa marufuku uvuvi kwa miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Wenyewe wanaita kulipumzisha ziwa. Kwa miaka mingi dagaa na migebuka wamekuwa wakipungua; wavuvi wameongezeka, nyavu zimekuwa na macho madogo mno, na mvuvi anayekwenda usiku kucha hurudi na ndoo ambayo baba yake angeiona ni ya kitoweo tu. Mama yule alinieleza bila kulalamika, ingawa chakula alichoweza kuniandalia kesho yake kilikuwa maharage, ugali wa muhogo na dagaa wakavu waliobaki kabla ya kufungwa, waliokaangwa kwa mawese. Dagaa walikuwa watamu. Lakini niliota mgebuka mbichi tangu Morogoro, na nilipoingia kulala nilihisi kama mtu aliyekwenda harusini akakuta bibi harusi amesafiri.

Asubuhi nikapanda daladala kutoka Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini, kwenda Ujiji. Ni mwendo mfupi. Ujiji ni mji mkongwe na unaonekana hivyo: nyumba za udongo zenye mabati yaliyoshika kutu, barabara za mchanga mwekundu, miembe iliyozeeka kando ya njia, wanaume wenye kofia za vitobo wamekaa barazani, michikichi huku na huko. Njia ya misafara ya pwani iliishia hapa. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu pia, kwenda Tabora na kushuka hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Kila mzigo ulikuwa na kichwa cha mtu chini yake.

Mahali penyewe ni kiwanja safi kilichozungushiwa uzio, kina nyasi na maua, na jumba la makumbusho. Mlinzi wa historia aliyenipokea alikuwa mzee mpole. Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kuniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia bibi yangu ni wa hapa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Basi karibu nyumbani, mwanangu."

Kuna mnara wa mawe, na juu yake imechongwa ramani ya Afrika yenye msalaba ndani yake. Maandishi yake yanasema kwamba chini ya mwembe uliokuwa umesimama hapo, Stanley alikutana na Livingstone, 10 Novemba 1871. Livingstone mwenyewe, aliyekuwa amepoteza hesabu ya siku kwa ugonjwa, aliandika Oktoba katika shajara yake, lakini jiwe limeshika tarehe ya Stanley. Kando yake ipo miembe, na mzee akaniambia ni uzao wa ule wa awali, ambao ulishakufa zamani.

Nikauzunguka mwembe mmoja. Nikagusa gome lake. Kisha nikageuka kulitafuta ziwa.

Palikuwa na uzio. Nyuma ya uzio palikuwa na nyumba za watu, kamba za nguo, kuku, mahindi yaliyoanikwa, mgomba. Nikageuka upande wa pili, nyumba tena. Nilisimama pale nikizunguka kama mtu aliyepotelewa na funguo. Hata sauti ya maji haikuwepo.

"Ziwa liko wapi, mzee wangu?"

Akanyoosha mkono kuelekea chini ya barabara. "Kule. Ukitembea taratibu utafika."

Nawaambia kweli, nililia. Si kilio kikubwa, lakini machozi yalitoka na sikuweza kuyazuia mbele ya mtu nisiyemjua. Miaka zaidi ya 30 nilikuwa na picha moja ya mahali tulikotoka, mti na maji chini yake. Mti sio, na maji hayapo. Nikafikiri bibi alikuwa amedanganywa, na kwamba yule mtoto aliyevushwa, ambaye hatujui hata jina lake la kuzaliwa, alibuni mahali pazuri pa kutua kwa sababu hakuwa na kingine cha kuwaachia wajukuu.

Mzee hakuniuliza kitu. Akaniongoza ndani.

Ndani zipo sanamu mbili za ukubwa wa mtu, Stanley na Livingstone, wanatazamana, wamevua kofia wanaamkiana. Ndizo watalii wanazokuja kupiga nazo picha. Nilizitazama kwa muda mrefu. Rangi ya nguo imekoza, nyuso zimetulia, mikono iko tayari kushikana, na hakuna jasho. Nikamwambia mzee kwamba nilitamani wawepo na wengine. Akacheka taratibu, akasema yeye huwataja kila siku: "Susi ndiye aliyetoka mbio kumpokea mgeni. Kabla ya Mzungu kumwona Mzungu, Mwafrika alishamsalimu."

Ni kweli, Stanley mwenyewe ameandika hivyo, kwamba aliyemlaki kwanza alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone. Na aliyekuwa mkuu wa askari wa Stanley katika msafara ule alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa hadi India kabla ya kurudi Afrika akiwa huru. Bombay alikuwa ameshafika Ujiji mwaka 1858 pamoja na wasafiri Waingereza, Burton na Speke. Yaani siku ile ya mwembe, yeye mji huu aliujua tangu miaka 13 nyuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule kwa Chitambo, Susi, mtumishi mwenzake Chuma, na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi. Mimi naishi Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, na nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa gari moshi kuja kuwatazama wapagazi wa kabla yao. Nilitaka angalau sanamu moja iwe na mzigo kichwani.

Kuna jambo jingine ambalo nilikuwa nimelisoma kabla ya kuja, na lilinijia nikiwa mbele ya sanamu ya Livingstone. Kilichomrudisha Ujiji mwaka ule kilikuwa Manyema, nchi ya ng'ambo ya ziwa. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya gulio. Kina mama walikuwa wamekuja kwa mamia na samaki na kuku na chumvi zao, na watu wa wafanyabiashara kutoka pwani wakaanza kuwapiga risasi sokoni. Walioruka mtoni walizama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi. Aliyaandika aliyoyaona juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino aliotengeneza kutokana na mimea, na wino huo ukafifia kiasi kwamba kurasa zile zilikuja kusomeka vizuri karne hii kwa vyombo vya kisasa. Taarifa yake ilipofika Uingereza ilichochea hasira ambayo ilisaidia kumsukuma Sultan Barghash kutia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa Zanzibar, Juni 1873.

Wale wa gulioni ni watu wa bibi yangu. Watoto waliobaki bila mama kule ndio waliovushwa ziwa kuja Ujiji, miaka ile na miaka iliyofuata. Mkutano wa mwembe unajulikana dunia nzima kwa salamu ya maneno manne ya Kiingereza, na watu huja kutoka mbali kurudia salamu hiyo wakicheka. Mimi sikuweza kucheka. Niliandika jina langu kwenye kitabu cha wageni, na mahali pa kuandika natoka wapi nikaandika Manyema.

Mzee aliponisindikiza mlangoni ndipo akaniambia jambo ambalo lilinifanya nikae tena kwenye ngazi. "Mwanangu, ziwa lilikuwa hapa. Siku za Livingstone, lilikuwa jirani kabisa. Lilikuja kuondoka."

Nimelifuatilia hilo baadaye, na ni hivi. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo, pale ilipo Kalemie leo. Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na mafunjo. Mito iliingia, maji hayakutoka, ziwa likawa linapanda mwaka hadi mwaka. Stanley aliporudi mwaka 1876 alikwenda kuutazama Lukuga akaukuta karibu hauendi. Miaka miwili hivi baadaye kizuizi kikavunjika. Ziwa likaanza kumwagika kwenda Lualaba, na katika miaka kama 15 iliyofuata likashuka takriban mita 10. Ufukwe wa Ujiji ni tambarare. Mita 10 kwenda chini ni safari ndefu kwenda mbele. Mji ulibaki mahali pake, bandari ikaukimbia mji.

Nikapiga hesabu kwa vidole nikiwa kwenye ngazi. Bibi yake bibi alikuwa kizee bibi alipokuwa msichana mdogo, miaka ya 1940. Akivushwa akiwa mtoto, basi ni miaka ya 1870. Maji yalikuwa juu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye ufukwe mmoja wa kuogelea upande wa Katonga, ambao picha zake zimezagaa kila mahali: mchanga mweupe, maji ya kijani, vibanda vya makuti. Nilifika nikakuta vibanda vimesimama majini hadi kiunoni. Kimoja kilikuwa kimebaki nguzo nne na paa, mawimbi madogo yanaingia upande huu na kutokea upande ule. Mti mmoja mkubwa ulikuwa umekauka ukiwa umesimama ndani ya ziwa, ndege wamejipanga kwenye matawi. Mchanga uliobaki haukutosha kutandika khanga mbili. Tangu mvua kubwa za 2019 na 2020 maji yalikuwa yakipanda, na mvua za 2024 zikayaongeza hadi kimo ambacho watu wengi wa Kigoma hawakuwahi kukiona; Bujumbura, Uvira na Kalemie zilikuwa na mitaa ndani ya maji. Niliingia na viatu mkononi, nikasimama kwenye kizingiti cha kibanda, chini nikaona sakafu ya saruji na samaki wadogo wenye milia wanakula mwani kwenye ukuta ambao watu walikuwa wakiuegemea. Ilikuwa nzuri kwa namna yake, na ilinitia hofu.

Nikiwa njiani kurudi nilipita gatini kuiona Liemba, meli ya Wajerumani iliyoletwa vipande vipande ndani ya masanduku na kuunganishwa hapa hapa Kigoma, ikaelea 1915, ikazamishwa na wenyewe 1916, ikaibuliwa na Waingereza, ikaanza kazi upya 1927. Ilikuwa imefungwa, inasubiri matengenezo. Ilionekana imechoka. Sikukaa.

Jioni nikarudi Ujiji, na safari hii sikwenda kiwanjani. Nilishuka na ile barabara mpaka ilipoishia majini. Mitumbwi na vipe vilikuwa vimevutwa juu, vimepangwa ubavu kwa ubavu, vimefunikwa na matawi jua lisivipasue. Vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu, mbuzi amelala juu ya kimoja. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa anashona wavu. Alikuwa ameunasa ukingo wa wavu kwenye kidole gumba cha mguu, akiuvuta ukakaza, halafu sindano ya mti ikipita, inazunguka, inafunga fundo, inahamia jicho linalofuata. Kila akimaliza jicho moja alilipima kwa vidole viwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mjukuu wa Dar es Salaam uliyelia kule juu?"

Ujiji habari hazina haja ya simu. Nikamwambia ndimi. Akasogea nipate pa kukaa.

Tuliongea mpaka jua likazama nyuma ya Kongo. Alinionyesha mchikichi uliosimama ndani ya maji, kama mita 20 kutoka tulipokaa, akasema pale palikuwa ua wa mdogo wake, na maji yalipoingia walihamisha kwanza mitungi ya mawese, kisha kuku, kisha mlango wenyewe. Aliniambia miezi hii mitatu ni migumu, ana watoto wanaosoma, lakini hakuwahi kuona samaki wakiruka karibu na ufukwe kama wiki ile. "Sikiliza," akasema. Tukanyamaza. Kwenye giza, mbele yetu, dagaa walikuwa wakiruka, sauti kama mtu anamwaga punje za mchele kwenye sinia.

Nikavua viatu, nikampigia bibi simu.

"Umeuona mwembe?" Hata salamu hakungoja.

"Nimeuona, bibi. Ule wa zamani ulikufa, huu ni mtoto wake."

"Na maji?"

Nikamweleza yote, Lukuga na matope yake, na jinsi ziwa lilivyoondoka. Nikamwambia kwamba miaka ile aliyovuka bibi yake maji yalikuwa hapo hapo mwembeni, na kwamba sasa yanarudi juu tena. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika, ila nilisikia muadhini wa Manyema akiadhini nyuma yake.

"Kwa hiyo hakunidanganya."

"Hakukudanganya, bibi."

"Alikuwa na kovu," akasema. "Mguuni, hapa kwenye kifundo, limezunguka mguu wote kama bangili. Tulipokuwa watoto tukimkanda miguu jioni, alikuwa hataki tuliguse."